Atsidi Sani: Mhunzi wa Kinavajo na Chimbuko la Ufuaji wa Fedha Kusini-Magharibi ya Marekani

Miongoni mwa Wanavajo, taifa la wenyeji wa asili wanaoishi katika nyanda kavu za Arizona, New Mexico na Utah, jina la Atsidi Sani hutajwa kila panapozungumzwa chanzo cha ufuaji wa fedha. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa Mnavajo wa kwanza kuifua fedha kwa mikono yake. Sifa hiyo si ndogo. Kazi iliyotokana naye imewalisha maelfu ya watu kwa zaidi ya karne moja, na bangili au kidani cha fedha chenye jiwe la feruzi kimekuwa alama ambayo Wanavajo hutambulikana kwayo duniani. Hata hivyo, maisha ya mtu mwenyewe hayalingani sana na alama hiyo. Atsidi Sani alianza na chuma, akapata riziki yake ya kwanza kwa chuma, na simulizi za wazee hazimtaji yeye kuwa ndiye aliyeiweka feruzi ndani ya fedha. Alichokitafuta ujanani mwake hakikuwa pambo bali lijamu ya farasi.

Jina lake ni maelezo ya kazi yake. Katika Kinavajo, neno atsidi hutokana na mzizi wa kitenzi wenye maana ya kugonga au kuponda, na sani ni mzee au wa zamani. Kwa Kiswahili anaweza kuitwa Mhunzi Mzee, ingawa tafsiri iliyo karibu zaidi na asili ingekuwa Mfuaji Mzee. Kitenzi kufua kina upana uleule: hufuliwa chuma, hufuliwa na fedha. Ni kweli kwamba Kiswahili kimezidi kuwatenga mafundi hao, kwani mhunzi ni wa chuma na sonara ni wa dhahabu na fedha, na neno sonara lilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na mafundi wenyewe. Neno la Kinavajo laweza kumtaja wa chuma na wa fedha pia, kwa sababu linatazama mkono unaogonga wala si kitu kinachogongwa. Jina la fedha nalo lina historia yake. Wanavajo huiita besh ligai, yaani chuma cheupe. Zamani besh lilikuwa jina la jiwe gumu lililochongwa visu na ncha za mishale. Wageni walipoleta chuma, jina likahamia kwenye chuma. Fedha ilipofika, ikapewa jina lilelile na kuongezewa weupe. Mpangilio huo wa maneno, jiwe kwanza, chuma kisha fedha, unaafikiana vizuri na mpangilio wa maisha ya mtu anayezungumziwa hapa.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1830 mahali paitwapo Wheatfields, upande wa Arizona, si mbali na mabonde yenye kuta ndefu za mawe ya Canyon de Chelly. Ukoo wake ulikuwa Dibelizhini, maana yake Kondoo Weusi. Na kwa kuwa Wanavajo hufuata ukoo wa mama, hilo ndilo jina lililomweka mahali pake katika jamii kabla ya jina lolote la ufundi. Nchi hiyo wakati huo ilihesabiwa kuwa ya Mexico, lakini kuhesabiwa huko kulikuwa kwa karatasi zaidi kuliko kwa hakika. Wanavajo walikuwa na kondoo, mbuzi na farasi, wanyama walioletwa na Wahispania na ambao kufikia karne ya 19 walikuwa uti wa maisha yao. Walilima mahindi, wakapanda mipichi mabondeni, na wanawake wao walifuma mablanketi yaliyosifiwa mbali. Kati yao na walowezi wa New Mexico mlikuwa na biashara na mlikuwa na vita, mara nyingi kwa zamu katika mwaka mmoja. Wanavajo waliteka mifugo. Walowezi waliteka mifugo na pia watu, hasa wanawake na watoto, ambao waliishia kuwa watumishi katika nyumba za bonde la mto Rio Grande.

Fedha haikuwa ngeni machoni mwa watu hao. Vifungo, bangili, na hasa hatamu zilizopambwa kwa fedha zilifika kwa njia ya biashara na kwa njia ya uporaji, kutoka kwa Wameksiko na kutoka kwa mataifa jirani kama Waute. Kilichokosekana kilikuwa ujuzi wa kuifua. Mnavajo mwenye farasi mzuri alitaka lijamu nzuri, na lijamu ilinunuliwa kwa fundi wa Kimeksiko kwa bei aliyoipanga fundi huyo. Mtu aliyepanda farasi bora kwenye mkusanyiko wa ibada au wa mashindano alitazamwa kuanzia kichwa cha farasi wake. Hapo ndipo Atsidi Sani alipoona nafasi yake.

Habari kuu za namna alivyojifunza zilihifadhiwa kwa mdomo. Fundi mzee aliyejulikana kwa Kiingereza kwa jina la Grey Moustache alizisimulia kwa mtafiti John Adair, aliyefanya uchunguzi wake kati ya Wanavajo mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu mwaka 1944. Yeye naye, kwa upande wa habari za awali, alizipokea kwa bibi yake. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Atsidi Sani aliona kuwa Wanavajo wote wanunua hatamu zao kwa Wameksiko, akakata shauri kuwa akiijua kazi hiyo watanunua kwake. Basi akasafiri hadi sehemu za Mlima Taylor, alikoishi mhunzi wa Kimeksiko ambaye Wanavajo walimwita Nakai Tsosi, yaani Mmeksiko Mwembamba. Alikaa akimtazama akifanya kazi. Polepole wakawa marafiki, wakawa wanatembea pamoja nchini, na katika urafiki huo chuma kikaanza kumtii.

Yafaa kusita kidogo juu ya jambo hili. Wakati ambapo watu wa pande hizo mbili walikuwa wakitekana watoto, Mnavajo mmoja alikwenda kwa hiari yake kwa fundi wa upande wa pili, akajenga naye udugu wa kazi, akarudi na ujuzi. Hakutumwa na mtu wala hakulazimishwa. Katika maandishi mengi ya juujuu ufundi wa Wanavajo huelezwa kana kwamba ulidondoshwa mikononi mwao na majeshi au na wafanyabiashara. Masimulizi ya bibi wa Grey Moustache yanasema vingine: ulifuatwa, na aliyeufuata alijua kwa nini anaufuata.

Ipo habari ya pili, ambayo si lazima iipinge ya kwanza. Baada ya Marekani kuitwaa nchi hiyo kutoka Mexico katika vita vya 1846 hadi 1848, jeshi lilijenga Fort Defiance mwaka 1851 katikati ya malisho ya Wanavajo. Mwaka 1853 Henry Dodge aliwekwa kuwa wakala wa serikali kwa Wanavajo. Dodge hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Aliishi kati ya watu, akaleta mhunzi Mmarekani aitwaye George Carter, na pamoja naye fundi wa fedha wa Kimeksiko. Inaaminiwa kwamba Atsidi Sani alifika kwenye kiwanda hicho na kuongeza ujuzi wake. Wakala huyo aliuawa na Waapache mwaka 1856, na uhusiano kati ya ngome na Wanavajo ukaharibika haraka baada yake. Kwa vyovyote vile, kufikia mwisho wa muongo huo Atsidi Sani alikuwa mhunzi anayejulikana. Wameksiko walimwita Herrero, ambalo kwa Kihispania ni mhunzi. Alitengeneza lijamu za chuma, na watu wake wakanunua kwake kama alivyokuwa amekadiria.

Kisha ikaja vita iliyovuruga kila kitu. Mwaka 1863 jeshi la Marekani lilimtuma Kit Carson kuwavunja nguvu Wanavajo, si kwa mapigano makubwa bali kwa njaa. Mashamba ya mahindi yalichomwa, mifugo ikachinjwa au kutwaliwa. Mnamo Januari 1864 askari walipita ndani ya Canyon de Chelly, na katika kiangazi cha mwaka huo mipichi ya bondeni, maelfu kwa idadi, ikakatwa. Nchi aliyozaliwa Atsidi Sani ndiyo iliyokuwa moyo wa mashambulizi hayo. Watu walijisalimisha kwa makundi na kutembezwa kwa miguu mamia ya kilomita kuelekea mashariki, safari ambayo Wanavajo huikumbuka kwa jina la Mwendo Mrefu. Walipelekwa Bosque Redondo, kando ya mto Pecos, chini ya ulinzi wa Fort Sumner. Zaidi ya watu 8,000 walizuiliwa huko hadi 1868. Maji yalikuwa ya magadi, mahindi yakaliwa na wadudu mwaka baada ya mwaka, kuni zikaisha, na waliokufa ni wengi mno.

Katika shida hiyo uhunzi ulionyesha uso usiotarajiwa. Chakula kiligawiwa kwa vyeti. Vyeti vya karatasi vilipoghushiwa, jeshi likatoa vipande vya madini vilivyogongwa muhuri. Navyo vikaghushiwa na wafungwa waliojua kugonga chuma, hata ikabidi kuagizwa kutoka Washington vipande vyenye nakshi ngumu kuigwa. Hakuna jina la fundi lililoandikwa katika shauri hilo, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini ushahidi wake hauna utata: ndani ya miaka michache tangu Mnavajo mmoja alipokwenda kumtazama mhunzi wa Mlima Taylor, walikuwapo wengine wenye mikono ya kutosha kuwalisha jamaa zao kwa nyundo na tindo. Huko huko Bosque Redondo zilifuliwa pia bangili za shaba nyekundu na za shaba ya njano, kutokana na nyaya na mabaki yaliyopatikana. Fedha ilikuwa haba, na aliyekuwa nayo aliila.

Tarehe 1 Juni 1868 mkataba ulitiwa sahihi uliowaruhusu Wanavajo kurudi katika sehemu ya nchi yao. Katika orodha ya wakuu walioweka alama zao, pamoja na Barboncito na Manuelito, limo jina la Herrero. Baadhi ya waandishi wamemtambua Herrero huyo kuwa ndiye Atsidi Sani, na kama utambuzi huo ni sawa, basi fundi alikuwa amefikia daraja ya uongozi. Jambo moja katika maneno ya mkataba lastahili kutajwa. Kifungu cha tatu kiliahidi kwamba serikali itajenga kwenye makao ya wakala, pamoja na ghala, nyumba ya ofisi na shule, kiwanda cha useremala na kiwanda cha uhunzi, kila kimoja kwa gharama isiyozidi dola 1,000. Mwaka uliofuata serikali iligawa kondoo 14,000 na mbuzi 1,000, na maisha yakaanza upya kwa kundi dogo la wanyama kwa kila familia.

Ni lini hasa Atsidi Sani aliipasha moto fedha kwa mara ya kwanza? Swali hili limewagawa watafiti. Arthur Woodward, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1938, alishikilia kuwa Wanavajo waliujua ufuaji wa fedha kabla ya Bosque Redondo, katika miaka ya 1850, wakati fundi wa Kimeksiko alipokuwa na Dodge. Hoja yake ilijengwa juu ya barua, taarifa za mawakala na kumbukumbu za jeshi. Adair alielemea upande wa wazee: Grey Moustache alisema waziwazi kwamba Atsidi Sani hakujifunza kutengeneza mapambo ya fedha mpaka watu waliporudi kutoka Fort Sumner.

Kwa mtazamo wa kwanza ni karatasi dhidi ya kumbukumbu, na wapo wanaodhani kwamba katika mashindano hayo karatasi lazima ishinde. Ukweli ni kwamba vyanzo hivyo viwili havijibu swali moja. Ofisa wa jeshi aliyemwona Mnavajo na pambo la fedha aliandika kuwa pambo lipo. Hakuuliza nani alimfunza aliyelifua, wala kama aliyelifua alikuwa na mwanafunzi. Wazee, kwa upande wao, hawakuwa wakihesabu vipande vya fedha. Walikuwa wakihesabu mnyororo wa walimu. Inawezekana kabisa kwamba Atsidi Sani alijaribu fedha mara moja mbili kwenye kiwanda cha Carter, na kwamba kazi hiyo haikuhesabiwa na watu wake kuwa imeanza mpaka alipoweza kuirithisha. Kwa wafugaji waliokuwa wakiteketezewa mashamba, fedha ya miaka ya 1850 haikuwa na mahali pa kukaa. Kwa watu waliorudi nyumbani, wakiwa na sarafu za kwanza mkononi na biashara ikianza kufunguka, ilikuwa napo. Ushahidi wa wazee, kwa hiyo, hauna udhaifu unaodaiwa. Unapima jambo jingine, na huenda ndilo lililo kubwa zaidi katika historia ya ufundi wowote.

Mnyororo wenyewe waweza kufuatwa. Atsidi Sani aliwafunza wanawe wanne, na mmoja wao aliyesifika aliitwa Mhunzi Mwekundu. Hao nao wakawafunza wengine. Hakukuwa na shule wala ada iliyopangwa. Mtoto au mpwa aliketi karibu na moto, akavuta mivukuto, akashika koleo, akapewa kipande kibovu akijaribie. Katika kizazi kilichofuata alitokea Atsidi Chon, ambaye jina lake lina maana ya Mhunzi Mbaya wa Sura, na ambaye kwa kazi hakuwa mbaya hata kidogo. Mwaka 1872 alikwenda kwa Wazuni, akakaa nyumbani kwa mtu aitwaye Lanyade, akamfunza kazi hiyo na kulipwa farasi mzuri. Lanyade naye, mwaka 1898, alimfunza Sikyatala, wa taifa la Wahopi. Hivyo katika muda wa miaka 30 tangu kurudi kutoka Bosque Redondo, ujuzi uliokuwa wa mtu mmoja ulikuwa umevuka mipaka ya lugha tatu ambazo hazina undugu kati yake. Ubahili wa siri, unaosikika kwa mafundi wa nchi nyingi, hauonekani hapa.

Jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa katika miaka hiyo inajulikana kutokana na maelezo ya Washington Matthews, daktari wa jeshi aliyekuwa Fort Wingate na aliyechapisha mwaka 1883 uchunguzi wa kwanza juu ya wafua fedha wa Kinavajo. Kiwanda kilikuwa kitu cha kujengwa upesi na kuachwa. Mivukuto ilishonwa kwa ngozi ya mbuzi na kushikiliwa wazi kwa pete za mti. Fuawe ilikuwa kipande chochote kizito cha chuma kilichookotwa. Makaa yalichomwa kwa mti wa jamii ya mtarakwa. Sarafu ziliyeyushwa katika chungu kidogo cha udongo alichokifinyanga fundi mwenyewe, kisha fedha iliyoyeyuka ikamiminwa katika kalibu iliyochongwa kwenye jiwe laini la mchanga na kupakwa mafuta ya kondoo. Kipande kilichoganda kiligongwa, kikapashwa moto kisipasuke, kikagongwa tena, mpaka kikawa bapa la unene uliotakiwa. Hapo mkasi, tupa na tindo zikaingia kazini.

Kulehemu kulitaka uangalifu wa namna yake. Fundi aliwasha tambi ya matambara yaliyoloweshwa mafuta ya kondoo, akapuliza ulimi wa moto kwa bomba jembamba alilolikunja kwa shaba, akayeyusha lehemu pamoja na boraksi. Shanga tupu za ndani zilitengenezwa kwa kukata visahani vidogo vya fedha, kuvigonga ndani ya kitundu cha chuma mpaka vikawa nusu duara, na kuziunganisha nusu mbili mbili. Mwisho kitu kilichemshwa katika maji yenye madini ya chumvichumvi yaliyopatikana nchini humo ili weupe wa fedha utokeze, kisha kikasuguliwa kwa mchanga na majivu. Mafundi walioonwa na Matthews walikuwa wa kizazi cha wanafunzi, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba moto wa Atsidi Sani ulikuwa tofauti. Vifaa karibu vyote ni vya mhunzi wa chuma vilivyopunguzwa ukubwa.

Hatamu iliendelea kujionyesha hata katika mapambo. Pambo la hilali linaloning'inia katikati ya vidani vya Kinavajo, ambalo wenyewe huliita naja, lilikuwa kwanza pambo la paji la uso wa farasi. Watafiti wengi wanaona kwamba Wahispania walilipokea kutoka kwa Waislamu waliotawala Andalusia na kulivusha hadi Amerika juu ya hatamu za farasi wao. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kuiona hilali juu ya misikiti na katika nakshi, hana budi kushangaa kidogo kuikuta kifuani mwa mwanamke wa Kinavajo, baada ya kupitia kichwani mwa farasi.

Feruzi ina historia nyingine kabisa, iliyo kongwe kuliko chuma na fedha. Wenyeji wa nchi hiyo walilichimba jiwe hilo kwenye vilima vya Cerrillos, New Mexico, na kulitoboa shanga karne nyingi kabla ya Mhispania wa kwanza kufika. Kwa Wanavajo ni moja ya vitu vinne vitakatifu, pamoja na gamba jeupe la bahari, gamba la chaza lenye rangi nyingi, na jiwe jeusi. Kila kimoja kina mlima wake, na mlima wa feruzi, ulio upande wa kusini, ni huo huo Mlima Taylor ambako Atsidi Sani alikwenda kutafuta chuma. Alijifunza kazi ya chuma chini ya mlima wa feruzi, na jiwe hilo likasubiri. Sifa ya kuliweka kwanza ndani ya fedha hupewa Atsidi Chon, karibu na mwisho wa miaka ya 1870. Kwa muda mrefu lilibaki nadra katika fedha, kwani mawe mazuri yalikuwa machache na vyombo vya kulichonga vilikuwa duni. Katika miaka ya 1890 mfanyabiashara John Lorenzo Hubbell, aliyekuwa na duka Ganado, aliagiza feruzi ya Uajemi ili awauzie mafundi. Neno feruzi, ambalo Kiswahili kimelirithi kutoka lugha ya Waajemi, lilikuwa limeshafika Pwani kwa majahazi. Kitu chenyewe kikafika Arizona kwa meli na reli, kikawekwa katika fedha iliyoyeyushwa kutokana na sarafu za Mexico.

Atsidi Sani aliishi kuyaona mabadiliko hayo yote, kwa kuwa simulizi zilizozoeleka zaidi humfikisha hadi mwaka wa 1918 au karibu yake. Wapo waliokiweka kifo chake mapema zaidi, karibu 1870, lakini tarehe hiyo ni vigumu kuipatanisha na kazi ya kufundisha inayosimuliwa juu yake. Reli ilivuka nchi ya jirani mwanzoni mwa miaka ya 1880, ikaleta wasafiri. Mwaka 1899 kampuni ya Fred Harvey, iliyokuwa na hoteli kando ya reli hiyo, ilianza kuagiza bangili na pete nyepesi zilizotengenezwa makusudi kwa watalii. Wanavajo wenyewe walivaa fedha nzito. Uzito ulikuwa akiba, na kidani kilichowekwa rehani dukani wakati wa kiangazi kilikombolewa pamba za kondoo, yaani sufu, zilipouzwa. Pambo jepesi la mgeni halikuwa na kazi hiyo. Wapo wanaouona mwaka 1899 kuwa mwanzo wa kuharibika kwa ufundi. Hukumu hiyo ni kali mno, na inamsahau Atsidi Sani mwenyewe, ambaye hakuona aibu kuanza kwa hesabu ya nani atanunua. Tatizo halisi lilikuja baadaye, pale viwanda vya mashine vilipoiga nakshi na kuuza kwa jina la Wanavajo, mpaka Marekani ikatunga sheria mwaka 1935, na nyingine kali zaidi mwaka 1990, kukataza kuuza bidhaa kwa kudai uongo kuwa zimetengenezwa na wenyeji wa asili.

Mafundi wa kizazi cha Atsidi Sani hawakugonga majina yao wala mihuri yao nyuma ya kazi. Desturi hiyo ilienea baada yake, kutokana na madai ya wanunuzi na makumbusho. Lijamu zake zilitumika mpaka zikalika kutu, na bangili zake, kama zilivyokuwa bangili za wengi, huenda ziliyeyushwa kwa zamu yao na kufuliwa upya na wajukuu waliohitaji fedha.